Mwalimu Mkawasi, Wagiriki na Nyumba Mbili

Familia imenituma mimi, Wakesho, mdogo wake wa kumfuata, nisimame mbele yenu nieleze maisha ya dada yetu, Mwalimu Ann Mkawasi Kisia. Mzee Jotham, mume wake, aliisoma karatasi hii jana. Alikaa nayo muda mrefu, kisha akanirudishia na kusema isomwe yote. Kwa hivyo nitaisoma yote.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Werugha, katika milima ya Taita. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Mwadime, karani wa shamba la mkonge Mwatate, na Mama Samba, aliyelima mboga na kuziuza soko la Wundanyi. Tangu utoto alikuwa mtu wa maswali. Akiwa darasa la nne alimsikia katekista akisoma habari za Wayunani, yaani Wagiriki, akanyoosha mkono na kuuliza siku hizi wanakaa wapi. Katekista alikuwa na haraka siku hiyo, akamjibu kwamba wale walikwisha zamani. Mkawasi alirudi nyumbani akilia kwa kwikwi. Mama akadhani amefiwa na rafiki wa shuleni, akaacha kupika, akampakata.

"Ni nani amekufa, mwanangu?"

"Wayunani wote."

Mama aliisimulia hadithi hii hadi uzeeni, na kila mara alishindwa kuimaliza kwa kicheko.

Alisoma shule ya msingi pale Werugha, halafu shule ya bweni ya wasichana, na mwaka 1981 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea historia. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo kilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao. Alikaa Werugha zaidi ya mwaka mzima akisubiri, bila kujua kama kitafunguliwa. Asubuhi alimsaidia Mama shambani, mchana alisoma vitabu alivyokuwa amebeba, na vingi vilikuwa vya Ugiriki ya kale. Alipata shahada yake mwaka 1985. Miaka minane baadaye alikuja London kwa shahada ya pili kwa msaada wa masomo, na ni hapa, katika madarasa ya jioni baada ya vibarua vya mchana, alipojifunza kusoma Kigiriki cha kale mwenyewe.

Kabla ya kuja huku alifundisha sekondari moja ya Kakamega. Hapo ndipo alipokutana na Mzee Jotham Kisia, mwalimu wa hesabu. Walifunga ndoa Wundanyi tarehe 17 Desemba 1988, mvua ikinyesha tangu asubuhi, na bwana harusi akaingia kanisani na matope hadi magotini kwa kuwa gari lilikwama mlimani naye akashuka kulisukuma na suti yake. Mzee Jotham alimfuata mkewe London mwaka 1995, akapata kazi ya kuendesha basi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu. Walinunua nyumba Thornton Heath. Baada ya kungoja sana, tarehe 2 Juni 1996, walijaliwa mtoto wao mmoja, Victor.

Kuanzia mwaka 1997 Mwalimu alifundisha historia ya kale katika chuo kimoja cha kidato cha sita kule Ilford. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa Kihindi, wa Kisomali, wa Kinigeria, wa Kiingereza, na wengi waliingia darasani wakidhani Wagiriki ni sanamu nyeupe zisizo na mikono. Alikuwa na msemo wake: "Kwanza mwelewe mtu. Ukishamwelewa, si lazima umpende." Jaya, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa naye ni mwalimu, ametuambia kwamba Mwalimu hakumruhusu mwanafunzi yeyote kutamka neno "wabaya" wala neno "wazuri" juu ya watu wa kale mpaka aeleze kwanza walikuwa wakiogopa nini.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mnapajua nusu nusu.

Mwaka 2015 ushirika wetu wa Wakristo wanaozungumza Kiswahili hapa Thornton Heath ulimwomba Mwalimu atoe somo Jumamosi moja. Wazazi walikuwa na hofu juu ya mambo ambayo watoto wanayasikia shuleni, ya wanaume kupenda wanaume na wanawake kupenda wanawake. Mwenyekiti wetu, ndugu Evans, alitaka Mwalimu aeleze jinsi mambo hayo yalivyoanza kwa Wayunani na jinsi yalivyowaangamiza. Mzee Jotham, ambaye ni mzee wa kanisa, alifurahi sana. Alinyoosha shati lake mwenyewe siku hiyo na kukaa mstari wa mbele.

Mwalimu alisimama akasema hawezi kueleza walivyoangamia kwa sababu hiyo, maana haikuwa hivyo. Walidhoofishwa na vita vya wao kwa wao, wakashindwa na Wamakedonia, halafu na Warumi. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema Wagiriki hawakuwa na swali letu. Sisi tunauliza, huyu anapenda mwanamume au mwanamke? Mtu wa Athene aliuliza, huyu ni mkubwa au mdogo, ni mtu huru au mtumwa, ni raia au mgeni, na je, amejitawala au ametawaliwa na tamaa? Mwanamume yuleyule aliweza kuwa na mke na watoto, na bado akamtongoza kijana wa kiume kwa zawadi na maneno matamu, na watu wasione ajabu, mradi amefuata adabu zao. Lakini baba wa kijana huyo alimwekea mtumwa wa kumlinda njiani. Raia aliyeuza mwili wake alizuiwa kusema katika baraza la mji. Mtu mzima aliyejiweka chini ya mwenzake alichekwa hadharani. Na mtumwa hakuna aliyemuuliza anataka nini.

"Na Athene si Ugiriki yote," akaendelea. "Sparta walikuwa na yao. Thebe walikuwa na kikosi cha askari kilichosifiwa kwamba kimeundwa kwa jozi za wapendanao, wakafa pamoja vitani. Wanawake walionaje? Karibu hatujui, maana wanaume ndio walioandika. Zimebaki nyimbo chache zilizochanika za mwanamke mmoja wa kisiwani. Na niseme wazi, baadhi ya vijana waliotongozwa, kwa sheria ya leo ni watoto, na mimi kama mzazi inanitia uchungu."

Ndugu Evans akamkatiza kwa upole. "Mwalimu, sisi tunataka jibu moja. Walikuwa hivyo, au hawakuwa hivyo?"

"Walikuwa Wagiriki," Mwalimu akasema.

Watu wachache walicheka, na wengi hawakucheka. Mzee Jotham aliangalia viatu vyake mpaka mwisho. Baadaye Mwalimu aliombwa apumzike kufundisha shule ya Jumapili.

Victor alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Jioni ile, jikoni, mama yake akiosha vyombo, alimsogelea na kumuuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikielewa lakini hakuwa akikijibu, "Mama, kwa hivyo hata huko hakukuwa na mtu kama mimi? Hata huko umeninyima nafasi?"

Mwalimu alielewa palepale alichoambiwa. Aliniambia hivyo mwenyewe. Na yeye, aliyejua kuwaeleza watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita bila kumwonea hata mmoja, hakupata neno la kumpa mtoto aliyesimama mbele yake. Alijibu kama yuko darasani: "Walikuwa watu wengine, Victor, na maisha yao yalikuwa mengine." Ilikuwa kweli, lakini silo aliloulizwa. Mzee Jotham alikuwa mlangoni amesikia yote. Maneno yaliyofuata kati ya baba na mwana familia haitayarudia. Victor alihama wiki hiyohiyo, na Mzee akasema mlango ule hataupita tena akiwa vile.

Kuanzia hapo dada yangu aliishi amebanwa. Sina neno lingine la kuyaita maisha yale. Hakutaka kumwacha mume aliyempenda na ambaye kwa mengine yote alikuwa mwema kwake, wala hakuweza kumwacha mtoto. Victor alikwenda kuishi Woolwich. Jumamosi Mwalimu aliaga nyumbani kwamba anakwenda kusahihisha kazi za wanafunzi, akapanda treni hadi Woolwich. Thornton Heath jina la Victor halikutajwa. Woolwich jina la Jotham halikutajwa. Alitoka nyumba moja amefunga mdomo, akaingia ya pili amefunga mdomo, na kati ya hizo mbili alikuwa na dirisha la treni tu. Nilimuuliza siku moja kwa nini asimwambie mumewe ukweli. Akasema, "Anajua, Wakesho. Nikisema itabidi afanye kitu. Nisiposema anaweza kubaki hajui." Basi Mzee alimwandalia mwavuli na chai ya chupa kila Jumamosi, na hakuuliza mbona karatasi za kusahihisha zinabaki mezani.

Na nje ya familia pia hapakuwa na nafuu. Chama kimoja cha vijana walio kama Victor hapa London kilisikia habari za somo lile na kumwalika kama shujaa. Alikwenda akawaambia yaleyale, neno kwa neno, pamoja na habari ya watumwa na ya watoto. Wakakasirika. Msichana mmoja alimwambia amewanyang'anya mababu zao. Dada yangu alinipigia simu akiwa kituoni, akisubiri treni ya kurudi. "Kule ninaitwa mpotevu," akasema, "huku ninaitwa adui, na somo ni lilelile. Sina pa kusimama, Wakesho. Nimechoka kusimama."

Pa kukaa alipapata Woolwich. Victor alikuwa akiishi na kijana anayeitwa Gires, ambaye wazazi wake walitoka Bukavu wakaomba hifadhi hapa, na ambaye anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mara ya kwanza Mwalimu alipokwenda alikaa ukingoni mwa kiti na koti lake mwilini. Gires akatoka jikoni. "Karibu, Mama. Miye najuaka kupika kidogo tu, lakini sombe iko, na bugali iko." Mwalimu alicheka kabla hajajizuia. Kwa miaka yote alizungumza Kiswahili na mwanawe akajibiwa Kiingereza, na sasa hapa kuna mtu anayemwitikia, tena kwa Kiswahili ambacho kingemfanya mwalimu yeyote wa sarufi ashike kalamu nyekundu. Akavua koti.

Siku hiyo, kile kisamvu na ugali vikiwa mezani, alimwambia Victor kile alichoshindwa kusema jikoni. Victor mwenyewe ameomba nikiseme. Alimwambia, "Ulinitaka nikupe Wagiriki. Siwezi kukupa, si wangu wala si wako, na nikikudanganya leo utanishika uongo kesho. Lakini huhitaji Mgiriki yeyote akuruhusu kuwa mwanangu. Nilipaswa kusema hivyo kwanza, halafu historia baadaye." Victor akachukua kijiko. Alimwongezea mboga kwenye sahani.

Mwaka 2022 alianza kujikwaa mahali pasipo na kitu. Mwezi wa Novemba madaktari walimwambia ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao hukausha misuli, mmoja baada ya mwingine, na akili ikabaki ileile. Aliacha kazi. Kwanza miguu ilikwisha, kisha mikono, kisha sauti ikaanza kuzama. Chumba chake kilikuwa ghorofani, na nyumba zetu hizi ngazi zake ni nyembamba, wima kama ukuta. Ukafika wakati hakuweza kushuka. Dirisha lilitazama nyuma, kwenye mapipa ya taka na kamba za nguo za majirani. Wahudumu walikuja asubuhi na jioni wakaondoka. Mzee Jotham alimlisha kwa kijiko, akamchana nywele vibaya, akamsomea Zaburi. Victor hakuweza kuingia, mama yake hakuweza kutoka. Nilipokwenda nilimshikia simu sikioni amsikie mwanawe, nikiwa nimefunga mlango wa chumba, na Mzee akiwa chini ameongeza sauti ya redio.

Ndugu Evans alikuja kumwona wakati huo, na yuko hapa leo, na ameniruhusu nieleze. Baadhi ya washirika walikuwa wamemsukuma. Alikaa kando ya kitanda akasema, "Mwalimu, tamka tu kwamba lile somo ulikosea, tulimalize."

Mwalimu alivuta pumzi muda mrefu kwa ajili ya maneno mawili. "Sehemu gani?"

Ndugu Evans akafikiri. Akafikiri tena. Mwisho akakiri kwamba hakumbuki somo lenyewe, anakumbuka tu kwamba watu walikasirika. Dada yangu alicheka kwa macho, maana ndiyo yaliyobaki, na ndugu Evans naye akacheka, akaomba sala fupi sana, akaenda zake. Tunamshukuru kwa sala ile na kwa kuja leo.

Mwezi wa Machi mwaka jana kililetwa kitanda cha hospitali kikawekwa sebuleni, ili ashushwe akae karibu na watu. Wahudumu walisema watakuja wiki ifuatayo na kifaa cha kumshushia. Mzee Jotham alisema mke wake hatangoja kifaa. Mimi nilikuwa nimeletwa kwa gari na Victor na Gires, nao walikuwa wamebaki nje garini, kama kawaida yao. Mzee akamnyanyua mkewe mikononi akaanza kushuka. Alifika katikati ya ngazi mgongo ukamkamata. Hakuweza kwenda chini, hakuweza kurudi juu, wala hakuweza kumweka mahali popote. Alisimama pale amemkumbatia, jasho likimtoka, na mimi niko chini yao nimeegemeza mabega yangu, najua siwezi. Dada yangu alikuwa ananitazama juu ya mkono wa mumewe. Hakuweza hata kupiga kelele.

Nilikimbia nikafungua mlango wa mbele nikaita.

Gires alifika kwanza. Kazi yake ni kunyanyua wazee, akapanda ngazi mbili akajua pa kushika. "Mzee, usimwachilie. Miye nashika miguu. Victor, pita chini ya mgongo wa Mama. Mzee, pumua kwanza."

Mzee Jotham alimtazama kijana ambaye hakuwahi kumwona uso kwa uso. "Shika vizuri," akasema.

Wakashuka watatu na yeye katikati, polepole, mpaka wakamlaza. Gires akapanga mito. Mzee akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, ameshika kiuno, anahema. Victor alikuwa amesimama kwenye ukumbi mdogo, mlango uko wazi nyuma yake, hajui aingie au atoke. Hakuna aliyejua. Mwalimu aliwatazama wote wawili kutoka kitandani.

"Funga mlango," Mzee Jotham akasema. "Baridi inaingia."

Victor akaufunga, naye akiwa ndani.

Nisiwadanganye kwamba siku ile iliponya kila kitu. Mzee Jotham hajabadili imani yake juu ya jambo hili, na amenitaka niseme hivyo mbele yenu. Kuna siku yeye na mwanawe walikaa sebule ileile saa nzima wakizungumzia hali ya hewa tu. Lakini Victor alikuja kila alipotaka, kwa mlango wa mbele, mchana, na mama yake hakuhitaji tena mtu wa kumshikia simu. Kitanda kile kilitazama barabarani. Aliweza kuona watu wakipita na mifuko yao ya sokoni, na ilipofika Desemba aliwaona majirani wakifunga taa za Krismasi.

Mwalimu Ann Mkawasi alifariki sebuleni mwake Jumapili tarehe 9 Februari 2025, mchana, tukiwa tumerudi kutoka kanisani. Mzee Jotham alikuwa ameshika mkono wake mmoja na Victor mwingine. Pumzi zilizidi kuwa fupi, kisha hazikuja. Mzee alimfumba macho. Victor akamwita mama yake kwa Kiswahili, akamwambia, "Nenda, Mama. Tupo."

Tulipokuwa tukiandaa programu hii mliyoishika, tulifika kwenye majina ya wafiwa tukakwama. Hatukujua Gires aandikwe chini ya neno gani. Rafiki? Mgeni? Mmoja wetu alisema ni heri aachwe, kwa amani ya siku. Tukatafuta neno kwa muda, kila neno likimkera mtu. Mzee Jotham alikuwa amelala kwenye kochi, tukidhani amesinzia. Akasema bila kufumbua macho, "Wakesho, hakuna haja ya neno. Andika jina lake. Alimshika mke wangu nisimwangushe."

Mwalimu Ann Mkawasi Kisia ameacha mume, Mzee Jotham Kisia; mwana, Victor; Gires; kaka, Humphrey Mwadime wa Werugha; na mimi mdogo wake, Wakesho.

Mungu amlaze mahali penye nafasi, na amani imtoshe.